Cheti cha halmashauri tunacho, mbona tovuti ya michango imetukataa?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake 18 wilayani Muheza, mkoani Tanga. Tulianza kama kikoba mwaka 2016. Tangu 2020 tunatumia sehemu ya mfuko wa jamii kuwapikia uji watoto wa shule ya msingi ya hapa kijijini, na kuwanunulia vifaa watoto wanne wenye ulemavu. Cheti cha halmashauri tunacho, akaunti ya benki tunayo, katiba nimeiambatanisha. Kijana wa mwenyekiti wetu anafanya kazi Minneapolis, Marekani. Wenzake kazini wako tayari kuchangia, na mwajiri wao huongeza kiasi kile kile ambacho mfanyakazi ametoa. Alipojaribu kutuandikisha kwenye tovuti ya michango alijibiwa kwamba hatustahili. Sasa wapo wanaosema afungue mchango kwa jina lake atutumie pesa kwa simu, na wapo wanaosema tusajili NGO haraka. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Katiba yenu nimeisoma yote, na sababu ya kukataliwa imo humo. Ibara ya 14 inasema faida ya mwaka itagawanywa kwa wanachama kwa kadiri ya hisa zao. Ibara ya 22 inasema kikundi kikivunjika, mali zote zitagawanywa kwa wanachama hai. Kwa kikoba hizo ni ibara za haki kabisa. Mama aliyenunua hisa zake wiki baada ya wiki lazima apate mgao wake. Ila kwa tovuti ya michango, ibara hizo mbili zinatosha kuwafungia mlango kabla msomaji hajafika kwenye habari za uji.

Niwatoe hofu kwanza: cheti chenu ni halali, wala hakuna aliyesema ni cha kughushi. Tatizo ni kile kinachothibitishwa na cheti hicho. Tangu ipitishwe Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kuweka na kukopa kama chenu viko daraja la nne, na usajili wake hupitia halmashauri kwa mamlaka iliyokasimiwa na Benki Kuu. Vikundi vingine husajiliwa halmashauri ili viombe ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa njia yoyote kati ya hizo, halmashauri inathibitisha kwamba hawa ni watu waliokusanyika kuinuana kiuchumi. Mhakiki wa tovuti ya michango aliyeko ofisini Washington akishika cheti hicho pamoja na katiba yenu, anaona akina mama wanaojisaidia wenyewe. Hana namna ya kujua kwamba kila asubuhi kuna sufuria jikoni kwa ajili ya watoto wa wenzenu.

Tovuti hizi zina fomu ndefu, lakini karibu maswali yote yanazunguka swali moja: mchango ukishatoka mfukoni mwa mtoaji, unakuwa mali ya nani? Katika kikoba jibu ni wanachama. Katika taasisi ya hisani jibu linapaswa kuwa si mali ya mtu yeyote. Ni mali ya lile lengo lililoandikwa kwenye katiba, na viongozi ni watunzaji tu. Sheria ya kodi ya Marekani, kwenye kifungu maarufu cha 501(c)(3) kinachohusu taasisi za hisani, inakataza sehemu yoyote ya mapato halisi ya taasisi kumnufaisha mtu binafsi. Sheria yetu ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, namba 24 ya mwaka 2002, nayo inataka NGO isiwe ya kutafuta faida. Kila nchi ina maneno yake, ila mzizi ni huo: hakuna kugawana.

Hapa watu wengi huchanganya mambo. Kutogawana faida hakuna maana kwamba taasisi isibaki na akiba, au kwamba mpishi wa uji asilipwe. Mpishi alipwe, fundi alipwe, hata mratibu anaweza kulipwa mshahara wa kueleweka kwa kazi inayoonekana. Kinachokatazwa ni kile kilichobaki mwisho wa mwaka kurudi kwa wanachama kwa sababu tu ni wanachama. Nimewahi kuona vikundi vikifuta posho zote kwenye bajeti ili vionekane safi, halafu vikaulizwa, "Sasa nani anafanya kazi hii?" Bajeti isiyolipa mtu yeyote huzua mashaka kuliko inayolipa kwa uwazi.

Kwa hiyo, je, mfute Ibara ya 14 na ya 22? Hapana, na ninaomba mnisikilize sana hapa. Msivunje kikoba chenu kwa ajili ya tovuti. Akina mama 18 wameweka jasho lao humo tangu 2016. Mkibadilisha katiba hiyo iwe ya taasisi ya hisani, hisa zao zitakuwa zimeingia kwenye chungu ambacho hakigawanywi, na kesho mmoja akiugua akaja kuomba chake, mtajikuta kwenye ugomvi ambao hauna mshindi. Kikoba kibaki kikoba. Kazi ya watoto ndiyo ihamie kwenye nyumba yake: katiba yake, akaunti yake, daftari lake, viongozi wake. Kikoba kinaweza kuendelea kuichangia kutoka mfuko wa jamii kama kinavyofanya sasa. Lakini hata shilingi moja isirudi kutoka huko kuja kwenye sanduku la kikoba, hata kwa mkopo wa wiki mbili, hata kama sanduku limekauka na mwanachama ana mgonjwa hospitali.

Nije kwa kijana wa mwenyekiti. Nia yake ni njema, na wazo la kutumia jina lake ndilo hutolewa kwanza na kila familia. Tovuti kama GoFundMe humruhusu mtu aliyeko Marekani kufungua mchango wake binafsi, ila Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mtu aliyeko huko anaruhusiwa kufungua wa kwake. Kwa hiyo anaweza. Ila ajue anachofungua. Pesa zitaingia akaunti yake, na kwa macho ya sheria ya Marekani wenzake watakuwa wamempa yeye zawadi. Hawataweza kuzidai kama sadaka kwenye hesabu zao za kodi. Mwajiri hataongeza kitu, kwa sababu programu hizi za kuongeza dola kwa dola, ambazo kampuni nyingi huziendesha kupitia majukwaa kama Benevity, hulipa taasisi zilizohakikiwa na hazilipi watu binafsi. Na siku mtu mmoja kazini atakapouliza "zile pesa zilifika?", atakayejibu ni yeye peke yake, akiwa na picha za WhatsApp na ujumbe wa muamala uliokwenda kwenye simu ya mweka hazina. Urafiki wa kazini umevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Sisemi ni haramu. Kama ni marafiki sita wanaomjua vizuri, wanataka kununua kiti kimoja cha magurudumu, basi awaambie wazi: hii ni zawadi kwangu, nitaipeleka nyumbani, haina msamaha wa kodi, na risiti ya kiti nitawaonyesha. Hiyo ni harambee ya ndugu na jamaa, nayo ina heshima yake. Lakini asiiite taasisi wakati taasisi haipo.

Mtaniuliza, mbona kuna NGO za Tanzania zinazopokea michango ya Wamarekani, na Wamarekani hao wanapata nafuu ya kodi? Sheria yao inataka mchango wenye nafuu uende kwa taasisi iliyoundwa Marekani. NGO ya Muheza hata iwe na usajili mzuri namna gani haiwezi kuwa hivyo. Majukwaa yamepata njia. Chukueni GlobalGiving, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Mari Kuraishi na Dennis Whittle baada ya kutoka Benki ya Dunia. Yenyewe ni taasisi ya 501(c)(3). Mchangiaji wa Minneapolis kisheria anaipa GlobalGiving, kisha GlobalGiving inaipa ruzuku taasisi ya nje ambayo imeihakiki. Ndiyo maana wanachunguza sana: mbele ya mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, wanaojibu kwamba pesa ilikwenda kwenye kazi ya hisani ni wao.

Na wanachotaka kuona hakina maajabu. Cheti cha usajili wa taasisi isiyogawana faida. Katiba. Majina ya wajumbe wa bodi. Taarifa za fedha za miaka iliyopita na bajeti ya mwaka huu. Uthibitisho wa akaunti ya benki yenye jina la taasisi. Barua ya mtu au taasisi inayoijua kazi yenu. Mradi usiwe wa siasa za vyama, wala msaada usitolewe kwa sharti la dini. Baada ya hapo, kwa miaka mingi kipimo chao cha kuingia moja kwa moja kimekuwa changizo la majaribio: kukusanya dola 5,000 kutoka kwa wachangiaji 40 tofauti ndani ya wiki chache. Someni masharti ya mwaka mtakaoomba, maana hubadilishwa, ila msidharau ile namba ya 40. Inapima kama mna watu, kwa sababu tajiri mmoja anaweza kutoa 5,000 peke yake na mwakani asiwepo.

Basi tupige hesabu yenu. Kijana amekwambia wenzake ni kama 15. Kila mmoja akitoa dola 20 ni 300. Mwajiri akiongeza ni 600. GlobalGiving imekuwa ikikata kati ya asilimia 5 na 12 kwa uendeshaji, na asilimia 3 ya malipo ya kadi. Makato yakifika juu kabisa, 600 inabaki 510, kabla benki haijachukua chake. Kwa uji wa Muheza hizo ni pesa nyingi, sikatai. Lakini ziko mbali sana na 5,000, na 15 hawajafika 40.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema msajili NGO haraka. Kusajili kwenyewe si kugumu kama zamani. Msajili wa NGOs yuko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, maombi hufanyika kwenye mfumo wa mtandaoni, na sheria inaruhusu usajili wa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Kwa kazi yenu ngazi ya wilaya inatosha, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya ndiye mtu wa kumwona kwanza. Kulea NGO baada ya kuipata ndiko kugumu. Kuna ada ya kila mwaka, taarifa ya mwaka ya shughuli, na hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi anayetambuliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, ambaye naye anataka malipo yake. Kanuni za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Mtahitaji TIN. Na kusajiliwa NGO hakuwapi moja kwa moja msamaha wa kodi; hadhi ya taasisi ya hisani chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 huombwa TRA kivyake. Mkiwa na dola 510 kwa mwaka, karatasi zitaula uji wote.

Ushauri wangu ni mwaka wa kwanza mpate mwenyeji. Tafuteni NGO ya Tanga ambayo tayari imehakikiwa na jukwaa la michango, inayoshughulika na watoto au watu wenye ulemavu, mkubaliane kazi yenu iwe mradi ndani yake. Michango inaingia kwao, wanaiandika kwenye mstari wake katika vitabu vyao, wanawapa fedha kwa bajeti mliyokubaliana, nanyi mnawaletea risiti. Mwenyeji huchukua asilimia fulani kwa kazi hiyo. Iandikeni kwenye makubaliano, msiiache iwe ya mdomo. Andikeni pia nani anamiliki vifaa vikinunuliwa, na itakuwaje mkitaka kuondoka na kusimama wenyewe. Kijana naye awaulize watu wa rasilimali watu kazini kwake kama jina la mwenyeji huyo limo kwenye mfumo wa kampuni wa kuongeza michango. Swali hilo moja linaweza kuwaokolea miezi mitatu.

Jambo moja tu mlikubali tangu mwanzo. Mwenyeji lazima awe na kauli ya mwisho juu ya pesa, si bomba la kupitishia. Sheria za Marekani haziipendi taasisi inayopokea mchango ikiwa imeshafungwa mikono kwamba lazima uende kwa fulani. Kwa hiyo mwenyeji akisema "mwezi huu nunueni fimbo nyeupe kabla ya sukari", ana haki hiyo. Kama hamtaweza kuishi na hilo, ni heri mlijue sasa.

Katika mwaka huo mmoja mtajenga kile ambacho hamna leo, yaani hesabu za kazi ya watoto peke yake, zisizochanganyika na hisa na mikopo. Hizo ndizo mtakazoambatanisha mkiamua kusajili.

Niongeze kuhusu majina, maana hapa niliumia mwenyewe. Taasisi niliyokuwa naishikia vitabu ilikataliwa na jukwaa moja mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katiba, kama yenu. Tukaitengeneza. Mara ya pili ilikuwa jina: cheti kilikuwa na neno "Maendeleo" kamili, benki ilikuwa imefupisha kuwa "Maend." kwa sababu nafasi kwenye mfumo wao haikutosha. Kwetu lilikuwa jambo la kucheka. Kwa mhakiki ambaye hajui Kiswahili zilikuwa taasisi mbili tofauti. Tulisubiri wiki tisa barua moja ya benki, na changizo la Desemba likapita. Kwa hiyo kabla ya kupeleka chochote, laza mezani cheti, katiba, TIN na barua ya benki, soma jina herufi kwa herufi, pamoja na nukta na mabano. Fanya vivyo hivyo kwa majina ya viongozi kwenye vitambulisho vya NIDA.

Wanawachunguza viongozi pia, na isiwakere. Majina yao hupitishwa kwenye orodha za vikwazo za Marekani na kwingineko. Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya uangalizi ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, kuanzia Oktoba 2022 hadi ilipoondolewa Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo benki za nje huongeza maswali, na taasisi ndogo ndizo zinazoulizwa tena na tena.

Na hapo kuna jambo la kifamilia ambalo nalisema kwa heshima zote kwa mama mwenyekiti. Yeye ni mwenyekiti, mwanawe ndiye mchangishaji, na kwenye orodha yako naona mweka hazina ni wifi yake. Kijijini sote ni ndugu, najua. Lakini fomu itauliza uhusiano wa damu na ndoa kati ya viongozi na wanaoshika pesa, nanyi mtatakiwa kujibu ukweli. Si kosa kuwa ndugu. Kosa ni kuficha, au ndugu wawili kuwa ndio pekee wanaosaini hundi. Katika kamati ya mradi wa watoto wekeni mwalimu wa ile shule, mzazi wa mtoto mmojawapo mwenye ulemavu, na mtu mwingine asiye mwanachama wa kikoba. Mama mwenyekiti abaki mlezi, sahihi za benki zishikwe na wengine.

Kwenye picha mlizotuma kuna mtoto anaonekana uso, na chini mmeandika jina lake, shule yake na ulemavu wake. Iondoeni. Majukwaa yatataka picha na taarifa kila baada ya miezi michache, na mtashawishika kuonyesha machozi kwa sababu machozi huleta dola. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima siku moja na picha itakuwa bado ipo. Pigeni picha ya mikono ikipokea kikombe, ya sufuria, ya kiti kipya; pale uso unapohitajika, mzazi akubali kwa maandishi na jina libadilishwe.

Wasomaji walioko Kenya walioniuliza jambo kama hili: kikundi kilichosajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 kinakutana na ukuta huo huo, na mlango wa taasisi ya manufaa ya umma uko kwenye Sheria ya PBO ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Suala la kugawana linawahusu vile vile.

Kwako katibu, hili hapa fungu la kuweka kwenye katiba ya mradi wa watoto siku mtakapofika huko. Lisiingizwe kwenye katiba ya kikoba:

"Mapato na mali zote za taasisi zitatumika kwa malengo yaliyotajwa katika katiba hii tu. Hakuna sehemu itakayogawiwa au kuhamishiwa mwanachama, mwanzilishi, kiongozi au ndugu zao, isipokuwa malipo ya haki kwa kazi iliyofanyika, au kurudishiwa gharama iliyotumika kwa niaba ya taasisi na kuthibitishwa kwa risiti. Taasisi ikivunjwa, mali zitakazobaki baada ya kulipa madeni zitakabidhiwa taasisi nyingine isiyogawana faida yenye malengo yanayofanana na haya, kwa uamuzi wa mkutano mkuu na kwa kufuata sheria."

Lisomeni kwa sauti kwenye kikao, wanachama wote 18 wakiwepo, na muhtasari uandikwe nani alikubali na nani alikuwa na wasiwasi. Mwenye wasiwasi asikilizwe hadi mwisho, kwa sababu huenda anauliza kuhusu hisa zake, na anastahili kuambiwa kwamba ziko salama kwenye sanduku lile lile.